Ndege saba, siku nne, mwezi nane Ramadhani: safari ya Malindi ilipokwendea kombo

Tangazo liliahidi ndege saba. Mnana wa Clarke. Bundi mdogo wa Sokoke. Chozi wa Amani. Ndege wa ardhini ambaye wataalamu humwita Anthus sokokensis. Geokichla guttata mwenye kifua cha madoadoa. Ndege mla kaa wa hori la Mida. Wa saba ni Glareola ocularis wa Bukini (Madagaska), anayeruka kama mbayuwayu na kutua kwenye mdomo wa mto Sabaki. Juu ya ndege kukaongezwa utamaduni: magofu ya Gede, chakula cha Kiswahili nyumbani kwa watu, ngoma ya Kigiriama na kata ya mnazi, yaani pombe ya mnazi. Wageni sita, siku nne, gari moja, dereva mmoja. Ilikuwa mwisho wa Februari, na Ramadhani ilikuwa imefika mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame.

Siku ya nne jioni hesabu ilikuwa hivi. Anthus sokokensis alionekana vizuri, chozi wa Amani alionekana juu ya matawi, bundi alisikika tu. Ndege mla kaa walionekana kama nukta, na wageni wakabishana kama nukta zihesabiwe. Watatu waliobaki hawakuonekana kabisa. Barua ya kudai marejesho ya fedha ikafuata.

Kampuni haitajwi hapa. Kisa chenyewe kimeshonwa kutokana na makosa yanayojirudia kati ya Watamu na Mambrui, yakawekwa kwenye safari moja ili ionekane jinsi kosa moja linavyolivuta jingine. Utetezi wa kawaida katika mambo haya ni kwamba ndege hawana mkataba na mtu. Ni kweli, lakini kwa safari hii utetezi huo unafaa kwa ndege wawili tu kati ya saba. Wengine watatu walipotezwa na ratiba, kwa kuwa ratiba ilipangwa kwa saa za chakula za hoteli, hali Malindi kila kitu kinakwenda kwa upepo, kwa mwezi na kwa jua. La kuudhi zaidi ni kwamba waliopanga walikuwa wamefunga. Kila mmoja wao alijua vyema kuwa leo ni Ramadhani nane, na hakuna aliyejiuliza mwezi nane maji yanajaa saa ngapi.

Ndege wa kusi na ndege wa kaskazi

Ndege wawili walishapotea kabla wageni hawajapanda ndege. Geokichla guttata huja pwani yetu kutoka kusini kunako Aprili au Mei, akajificha kwenye majani makavu ya Gede na ya msitu mseto, na Oktoba au karibu na hapo huwa ameondoka. Glareola ocularis huzaliana Bukini na kuvuka bahari wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Mdomo wa Sabaki huwaona kwa makundi makubwa zaidi Agosti, kwa kadiri ya msimu. Februari hutampata yeyote kati yao.

Ndege mla kaa ana mwendo wa kinyume. Huyu huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na nchi za jirani, na kiota chake ni shimo ndani ya mchanga. Joto la huko likishapita huja Mida, akakaa hadi Aprili hivi. Njia yake ni ile ile ya majahazi ya zamani, tofauti ni kwamba yeye hasubiri kaskazi, upepo wa kaskazini, ivume ndipo aanze safari. Wakati huo huo vitwitwi wa kila aina hushuka kutoka kaskazini ya mbali, na keremkerem wekundu hulala kwenye mikoko.

Kwa hiyo orodha ya ndege saba ilichanganya pepo mbili. Mchanganyiko wa namna hii hutokea mtu anaponakili tangazo la Agosti na la Januari, akazifanya orodha mbili kuwa moja kwa sababu ndefu huuzika. Dawa yake haina gharama: tangazo lenye safu mbili, kusi na kaskazi, na la tatu kwa wenyeji wa mwaka mzima. Bundi, chozi na Anthus wanaingia safu hiyo ya tatu.

Mnana wa Clarke ana mambo yake. Aliandikwa kwenye sayansi mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anatagia wapi. Viota vyake vikagunduliwa mwaka 2013 huko Dakatcha, kaskazini ya Sabaki, kwenye bwawa la msimu lenye nyasi. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila kaunti ya Kilifi, na hata humo huhama: mvua zikijaza mabwawa, msitu wa Arabuko-Sokoke unaweza kubaki bila mnana hata mmoja kwa wiki kadhaa. Anaahidiwaje kwa siku mbili? Tangazo la haki lingesema anatafutwa. Hapo kampuni ilikosea kwa neno moja tu, lakini mgeni amevuka bahari kwa ajili ya neno hilo.

Mida saa kumi jioni

Siku ya kwanza wageni walipelekwa Gede saa tatu asubuhi, mchana wakala mjini, saa kumi jioni wakafikishwa Mida. Kwenye karatasi inapendeza: njia ya mbao katikati ya mikoko, jua linakuchwa, picha. Walichokikuta ni tope la rangi ya majivu hadi upeo wa macho, na huko mbali ukingoni mwa maji, vidoto vyeupe vyenye weusi. Kwa darubini ya mkononi ya 8×42 hata mjuzi asingeapa ni ndege gani.

Hesabu ya maji haikuhitaji mtambo. Pwani hii, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa yapata saa nne. Hilo ndilo bamvua. Kutoka hapo kujaa kunasogea mbele kwa dakika hamsini hivi kila siku, zaidi kidogo siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiasi kidogo. Ukifika mwezi nane, maji yanajaa saa nne na nusu au saa tano asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni yako chini kabisa. Ndani ya hori yenyewe huchelewa kidogo kuliko baharini, kwa sababu mlango ni mwembamba. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, litakupa dakika kamili, lakini kuijua siku nzuri na siku mbaya, tarehe ya mwezi inatosha. Mvuvi yeyote wa Mayungu angewaambia bila kuacha kushona wavu.

Kwa nini saa ya maji ndiyo kila kitu? Kwa sababu maji yakipwa, ndege mla kaa na vitwitwi hutawanyika kwenye eneo lote lililofunuka, wakila. Yakianza kujaa, ukingo wa maji huwasukuma mbele yake, nafasi ya kulia inapungua, na ndege waliokuwa mbali hujikusanya karibu na mikoko. Saa mbili au tatu kabla ya kujaa ndiyo saa ya kuwa kwenye njia ya mbao, umetulia, darubini ya miguu mitatu imeshasimama. Ukichelewa hadi maji yajae kabisa, wengi huwa wamerukia mahali pa kupumzikia.

Kuna jambo la pili ambalo hata waongozaji wazuri hulisahau. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni mita moja na kitu, wakati siku za bamvua inapita mita tatu. Maji mafu hayana nguvu ya kuwakusanya ndege. Mafungu ya tope hubaki wazi na ndege hubaki mbali. Ramadhani nane, hata saa mbili asubuhi, Mida ingetoa nusu ya inachoweza kutoa. Nusu hiyo ingetosha kwa darubini ya kukuza mara 20 hadi 60, kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo joto hulitikisa tope na kila ndege akawa anacheza. Anayepanga tarehe kabla ya kuuza safari na achague mwezi 14 hadi 18, au mwisho wa mwezi hadi mwezi 3 wa ule unaoandama. Siku hizo maji hujaa alasiri au jioni, na saa ya ndege inaangukia kati ya saa nane na saa kumi.

Marekebisho ya siku ya kwanza basi ni kuigeuza tu: Mida asubuhi, Gede alasiri. Mawe ya Gede hayasubiri maji. Mji ulioachwa karne ya 17 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024 utakuwepo saa tisa mchana, tena una kivuli, na kwa kuwa Geokichla hayupo Februari hakuna kinachopotea kwa kuikosa asubuhi yake.

Jambo moja zaidi kuhusu Mida. Ada za njia ile ya mbao zimeunganishwa na mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, unaolipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Wageni hawakuambiwa. Kwetu sisi dakika tano za kueleza kwa nini mzazi wa hapa anaacha kukata mkoko zina utamaduni mwingi kuliko nusu ya ngoma zinazouzwa hotelini.

Msitu mmoja ambao ni mitatu

Siku ya pili ratiba iliandika neno moja, “msituni”, kuanzia saa mbili na nusu. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba 420 hivi, na ndani yake mna misitu mitatu inayofuata rangi ya udongo. Upande wa mashariki, karibu na Gede, ni msitu mseto wenye mbambakofi, ambako sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu hupekua majani kwa pua yake ndefu. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mirihi: miti mirefu iliyoachana, mwanga unafika chini. Humo ndimo mnana, chozi wa Amani na Anthus. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni kichaka kizito cha Cynometra, na humo ndimo bundi. Kusema “msituni” ni kama kusema utakutana na mtu “Malindi”.

Mwisho wa Februari jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi. Kwenye mirihi saa mbili za kwanza ndizo zenye uhai; saa nne kumekwisha, unasikia nyenze tu. Hoteli ilifungua kiamshakinywa saa moja, kwa hiyo gari likaingia msituni wakati ndege wanatulia. Kuondoka Malindi kulifaa kuwa saa kumi na moja na nusu, wageni wakibeba mahamri, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa. Na hapa Ramadhani, inayolaumiwa kwa kila kitu, ingesaidia: dereva aliyefunga ameshakula daku na kuswali alfajiri. Saa kumi na moja na nusu yeye yuko tayari kuliko mtu mwingine yeyote mjini.

Mnana hatafutwi kwa kutembea. Huruka juu ya mirihi akiwa kwenye kundi mseto, pamoja na ndege wengine wa kimo hicho, na kundi likipita hupita haraka. Anayejua huchagua mahali penye uwazi, akakaa dakika ishirini hadi thelathini, akisikiliza. Kundi likisikika ndipo darubini zinainuliwa, na kila mtu anahesabu mnana mmoja mmoja. Wageni wetu walitembezwa kilomita nne kwa saa mbili, wakiangalia vidole vyao vya miguu kwa kuogopa siafu. Anthus wakamwona kwa sababu hiyo hiyo: yeye hutembea chini.

Gari nalo lilikwama. Lilikuwa basi dogo la magurudumu mawili yenye nguvu, na mchanga mweupe wa kiangazi ni laini kama unga. Saa nzima ikaliwa kwa kusukuma. Wengi hudhani msitu huu ni wa hatari wakati wa mvua tu. Udongo mwekundu ndio unaonata mvua ikinyesha, mchanga mweupe husumbua ukikauka. Ukilazimika kuingia na gari la namna hii, punguza upepo wa tairi hadi pauni 18 au 20, usisimame kwenye mchanga uliochimbika, usikate kona kwa kasi, na uwe na pampu ya kurudishia upepo kabla ya lami. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne linaondoa mjadala wote. Kampuni ilikuwa nalo. Lilipewa watalii wa Tsavo.

Bundi

Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 15 hadi 18 na uzito wa gramu hamsini hivi. Yuko wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na kila mmoja anafanana na tawi alilokalia. Kwenye sayansi aliandikwa mwaka 1966. Mchana hulala kwenye kichaka, mara nyingi chini ya kimo cha mtu, na huwa na mahali anapopapenda kwa siku kadhaa mfululizo.

Siri yote iko kwenye maneno hayo ya mwisho. Wageni wanaomwona bundi huyu hupelekwa mchana na mwongozaji aliyekwenda jana yake kuangalia amelala wapi. Waongozaji wa chama cha Arabuko-Sokoke wanayajua maeneo hayo, lakini kujua eneo si kujua tawi. Lazima mtu alipwe nusu siku ya kutafuta kabla wageni hawajafika. Kampuni ilimkodisha mwongozaji kwa siku yenyewe tu, ikaokoa nusu siku ya malipo, ikampoteza ndege aliyekuwa wa kwanza kwenye kila barua ya wageni hao.

Badala yake walikwenda magharibi, wakasimama ukingoni mwa msitu na kucheza sauti iliyorekodiwa kwa muda wa dakika ishirini. Bundi alijibu dakika ya tatu, akanyamaza dakika ya sita. Sauti ile kwake ni ya dume mgeni kwenye eneo lake. Mara ya kwanza huja kumkabili. Ikizidi, ama hujificha kwa kudhani ameshindwa, ama huacha kuwinda na kulinda kiota ili kumfukuza mgeni asiyekuwepo. Anayetumia sauti kwa busara huicheza sekunde kumi na tano au ishirini, huzima, husubiri dakika tano, hurudia mara moja na basi. Wakati wa kuzaliana haichezwi. Akionekana, simama hatua sita hivi kutoka kwake, bila mwako wa kamera, dakika tatu kwa kundi zima, kisha ondokeni kwa njia mliyojia. Kuingia usiku ndani ya msitu kwenyewe kunahitaji ruhusa na askari wa msitu, kwa kuwa tembo na nyati nao huzitumia njia zile zile.

Kulikuwa na nyumba hatua mia mbili kutoka pale waliposimama. Bundi kwa watu wengi wa hapa ni uchuro; akilia juu ya paa, kuna wanaoanza kuuliza nani mgonjwa. Mtu aliyetoka nje usiku akakuta gari geni na bundi analia dakika ishirini mfululizo alikuwa na haki ya kupiga kelele, na alipiga. Mwongozaji ndiye aliyekwenda asubuhi yake kuomba radhi kwa wazee. Safari iliyouzwa kwa jina la ndege na utamaduni ilivikosea vyote viwili kwa kitufe kimoja.

Sabaki: kifundo hadi mapaja

Siku ya tatu, Ramadhani kumi, walivuka daraja la Sabaki, wakaingia upande wa bahari na kutembea hadi mdomoni. Saa tatu asubuhi waliruka mkondo mmoja, maji yakiishia kwenye vifundo, ili wawakaribie shakwe na heroe waliokuwa kwenye fungu la mchanga. Walikaa. Saa sita waliporudi, mkondo ule ule ulifika juu ya mapaja, na darubini ya miguu mitatu ikabebwa kichwani.

Siku hiyo maji yalipwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kujaa kukawa yapata saa sita na nusu mchana. Wavuvi na manahodha wana kanuni ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza ya kujaa maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kutoka saa tatu hadi saa sita wanaangukia saa zenye nguvu: nusu ya saa ya tatu, ya nne na ya tano zote, na nusu ya sita. Jumla ni sehemu 7. Kwa maji mafu yenye mpando wa mita 1.2, hizo ni sentimita 70. Ongeza kimo cha kifundo na umefika mapajani. Chukua saa hizo hizo za kujaa siku ya bamvua, mpando wa mita 3.2: sehemu 7 ni karibu mita 1 na sentimita 90. Maji mafu waliyoyalaani kule Mida ndiyo yaliyowaokoa Sabaki.

Mkondo wenyewe hautabiriki kwa ramani. Mto ukishuka na tope la mafuriko, mdomo huhama, fungu la mwaka jana linakuwa kina mwaka huu. Mkodishe kijana wa kijiji cha Sabaki aliyepita hapo wiki hiyo. Yeye pia anajua viboko wako upande gani. Matete hayapitiwi alfajiri wala magharibi, na njia ya kiboko kwenda majini haizibwi na mtu. Kila mtu na maji lita moja na nusu, kofia, viatu vinavyokubali kulowa. Kivuli hakuna.

Sahani, mnazi na futari

Chakula cha mchana cha siku ya kwanza kiliwekwa kwenye nyumba moja ya mjini: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Mama mwenye nyumba alikubali kwa kuwa mkataba ni wa mwaka mzima na hakutaka kuupoteza. Alipika bila kuonja chumvi, akawaandalia, akakaa pembeni. Wageni sita wakala kwenye nyumba ambayo hakuna mwingine anayekula, watoto wakichungulia mlangoni. Walioelewa waliona haya, wasioelewa waliuliza kwa nini mama haketi.

Nyumba ile ile, saa nne na nusu baadaye, ingekuwa na utamaduni ambao hakuna fedha ingeweza kuupanga siku nyingine ya mwaka. Mwisho wa Februari jua huchwa saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Adhana, tende, maji, uji wa pilipili manga, kisha baada ya swala mbaazi za nazi, muhogo, viazi, mahamri, sambusa, kaimati. Mgeni afike robo saa kabla, avue viatu, asiguse kitu mpaka adhana, na mlango uwe mwingine kwa wanawake kama nyumba ndivyo ilivyo. Hakuna ugumu.

Siku ya tatu kampuni ililikumbuka hilo, ikaweka futari. Lakini kabla yake, saa nane mchana, iliweka ngoma na mnazi kwenye kijiji cha Wagiriama. Sasa mnazi kijijini ni heshima. Mzee akikupa kata, unaipokea kwa mikono miwili. Wageni wakapokea, wakarudia, na mnazi uliogemwa asubuhi huwa mkali ikifika alasiri. Saa kumi na mbili na nusu wakaingia kwenye nyumba ya watu waliofunga, harufu ikitangulia. Hakuna aliyesema neno, na ukimya huo mwongozaji alijua maana yake. Haikuwa kosa la mnazi wala la futari. Kila kimoja kinataka siku yake. Na kama haiwezekani, futari iwe kabla na mnazi siku inayofuata, asubuhi, mgema anaposhuka. Mgema huyo huyo ana mambo ya kuwaonyesha wapenda ndege: hapana mtu anayetazama vilele vya minazi kwa karibu kuliko yeye.

Ngoma yenyewe ilisimama baada ya nyimbo mbili. Fedha zilikuwa zimelipwa kwa mtu wa kati, zikafika pungufu, wachezaji wakawageukia wageni moja kwa moja. Jua la saa nane nalo lilikuwa utosini. Makubaliano yanayofaa huandikwa na kikundi chenyewe, mbele ya mwenyekiti na mweka hazina: wachezaji wangapi, nyimbo ngapi, dakika arobaini na tano, kuanzia saa kumi na nusu, malipo kwa M-Pesa ya kikundi, nusu kabla na nusu ngoma ikiisha. Picha ziwe zimezungumzwa ndani ya bei hiyo.

Dereva ndiye aliyesahauliwa kabisa. Aliamka saa kumi alfajiri kula daku, akaendesha mchana kutwa, na siku ya bundi akafungua kwa tende mbili na maji ya chupa nyuma ya usukani, akirudi mjini baada ya saa tatu usiku. Hatari ya safari nzima haikuwa kiboko, ilikuwa usingizi kwenye barabara ya Gede. Mwezi wa Ramadhani weka madereva wawili wa kupokezana, au mrudishe dereva mjini kabla ya magharibi.

Kuhusu barua ya wageni

Wageni walidai nusu ya fedha. Kampuni ikataka kukataa yote kwa hoja ya ndege na mkataba. Mgawanyo wa haki uko katikati. Kwa Glareola na Geokichla, kampuni iliuza kisichokuwepo na inapaswa kurudisha sehemu yao bila ubishi. Kwa ndege mla kaa, ilikuwa na bidhaa ikaifikisha saa isiyofaa; asubuhi moja ya Mida, bure, pamoja na usafiri, ndiyo fidia inayolingana. Kwa mnana na bundi haidaiwi kwa kutoonekana, ila nusu siku ya mwongozaji ambayo haikulipwa ilikuwa imeshahesabiwa ndani ya bei, na hiyo irudi.

Wageni wakikubali kuja tena Agosti, ratiba ianzie Sabaki, kwa ajili ya Glareola, halafu Gede alfajiri kwa Geokichla, na ifunguliwe kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya hoteli. Mida wakati huo itakuwa na ndege mla kaa wachache tu, waliowahi kurudi na wasioondoka. Hilo liandikwe kwenye tangazo, mstari wa kwanza.